Tarehe ya Felton: Msumeno, Chokaa na Nauli ya Mandari

Felton ni mji mdogo katika bonde la mto San Lorenzo, kwenye milima iliyo nyuma ya Santa Cruz, jimbo la California, Marekani. Siku za mapumziko familia humiminika huko na watoto wao na vikapu vya chakula, wakapanda garimoshi la mvuke na kupita chini ya miti ambayo ukiinua uso kutafuta kilele chake, kofia inaanguka. Mgeni hudhani msitu na garimoshi vimeishi pamoja kwa amani tangu zamani. Sivyo. Reli ndiyo iliyoumaliza msitu wa bonde hilo, na reli hiyohiyo ndiyo iliyookoa kipande kilichobaki, kwa kuwaleta watu waliokuwa tayari kulipa ili wautazame tu.

Wenyeji wa bonde walikuwa Wazayante, mmojawapo wa jamii za Ohlone. Wahispania walipojenga misheni yao Santa Cruz mwaka 1791, waliwachukua watu hawa wakawabatiza na kuwafanyisha kazi, na maradhi yakawapukutisha. Jina lao limebaki kwenye kijito kinachoingia mtoni hapo Felton. Utawala wa Meksiko ulipofuata, ardhi iligawiwa kwa mashamba makubwa, na hapo ndipo anapoingia Isaac Graham, mwindaji Mmarekani, mtu wa bunduki na pombe. Mwaka 1840 alikamatwa kwa tuhuma za kupanga uasi, akapelekwa Meksiko. Aliachiwa, akarudi, akaweka makazi Zayante, akawa na kiwanda cha kupasulia mbao kwa nguvu ya maji, miongoni mwa vya mwanzo California. Inasemekana makelele ya kambi ya watu wake ndiyo yaliyozaa jina Roaring Camp, ambalo leo ni jina la stesheni ya watalii.

Kukata kwenyewe hasa kulianza baada ya dhahabu kuonekana mwaka 1848. San Francisco ilifumuka ghafla, ikaungua, ikajengwa, ikaungua tena, na kila mara ilihitaji mbao. Mti uliotakiwa ulikuwa msekwoya wa pwani, ambao watu wa huko huuita mti mwekundu kwa rangi ya mbao yake. Huota kwenye ukanda wa ukungu wa pwani tu, kuanzia mpaka wa Oregon hadi kusini mwa Monterey, na ndio mti mrefu kuliko yote duniani. Mrefu zaidi unaojulikana, huko kaskazini ya California, umepita mita 115. Kiangazi mvua haipo, basi majani yake hunasa ukungu na kuudondosha mizizini. Gome lake ni nene, halina utomvu wa kushika moto, na mbao yake wadudu hawaipendi. Ukiukata haufi: huchipua kama mgomba, wana wakazunguka kisiki cha mama. Ndiyo maana leo katika bonde hilo utakuta miti imesimama duara, na katikati hamna kitu.

Mwenye kula msitu kuliko wapasua mbao alikuwa mchoma chokaa. Henry Cowell, mtu wa Massachusetts, alinunua sehemu ya kampuni ya chokaa ya Santa Cruz mwaka 1865, na baadaye akaimiliki yote. Anayejua tanuu za chokaa za pwani yetu anajua jinsi zinavyomeza kuni. Za Cowell zilikuwa za mawe, zikipashwa kwa misekwoya mchana na usiku, na chokaa yake iliunganisha matofali ya San Francisco. Alikufa mwaka 1903, miezi kadhaa baada ya kupigwa risasi katika ugomvi wa ardhi. Alikuwa mtu mgumu, na ardhi aliyoacha ilikuwa kubwa mno.

Mji wa Felton ulipimwa mwaka 1868. Mwaka 1875 ilifika reli nyembamba kutoka Santa Cruz, ya upana wa futi 3, ndogo hata kuliko reli ya mita moja ya Mombasa. Magogo na mbao viliteremshwa kutoka juu ya bonde kwa mfereji wa maji uliotengenezwa kwa mbao, vikapakiwa Felton kwenye mabehewa, vikaenda bandarini. Miaka mitano baadaye, mwaka 1880, reli iliunganishwa na upande wa ghuba ya San Francisco kwa kutoboa mlima. Waliotoboa ni Wachina. Ndani ya handaki kubwa mwamba ulivuja gesi na mafuta, na mlipuko wa Novemba 1879 uliua zaidi ya 20 kati yao kwa mara moja. Wanaosimulia safari tamu za reli hii wasiliruke handaki hilo.

Wakati huohuo, hatua chache kutoka Felton, palikuwa na shamba la miti ambalo halikuguswa. Joseph Welch alilinunua mwaka 1867 akalifanya pahala pa mandari: hoteli ndogo, ukumbi wa dansi, na miti mikubwa iliyobandikwa majina ya majenerali na marais. Mmoja una uvungu ndani, na inasimuliwa kuwa John C. Frémont, mvumbuzi na mwanajeshi, alilala humo mwaka 1846. Alipokuwa mzee aliulizwa kama ni kweli. Inasemekana alijibu kwamba ni hadithi nzuri, iachwe ilivyo. Treni zilijaa watu kila Jumapili, zikajaa kupita kiasi. Tarehe 23 Mei 1880, mwezi uleule reli ilipofunguliwa, treni ya mandari iliyokuwa ikirudi Santa Cruz ilianguka na kuua zaidi ya watu 10. Wiki hazikupita nyingi, mabehewa yakajaa tena.

Rais Theodore Roosevelt alipofika mwaka 1903 alichukizwa na kadi zilizopachikwa kwenye miti, akalisema hadharani. Lakini aliyekasirika kwa faida zaidi alikuwa Andrew P. Hill, mpiga picha wa San Jose. Mwaka 1900 alikwenda kupiga picha za miti ya Welch kwa ajili ya jarida la Uingereza. Wenye shamba wakamkatalia, wakitaka picha zake ziwe mali yao. Akaondoka amefura. Miezi haikupita mingi, yeye na wenzake wakaunda Klabu ya Sempervirens, na mwaka 1902 serikali ya jimbo ikapata Big Basin, hifadhi ya kwanza ya misekwoya California. Nisemavyo mimi, Welch na Hill wote walikuwa na haki: mmoja aliokoa miti kwa kiingilio, mwingine kwa hasira ya kukataliwa.

Wilaya ililinunua shamba la Welch mwaka 1930. Mwaka 1954 Samuel Cowell, mwana wa mchoma chokaa, alitoa ekari zipatazo 1,600 kando yake kwa kumbukumbu ya baba, na zote zikawa hifadhi ya Henry Cowell. Hakuna mtoto wa Henry aliyeacha mrithi.

Reli ya mlimani ilikufa Februari 1940 kwa dhoruba na kwa barabara mpya ya magari. Aliyerudisha moshi ni F. Norman Clark, ambaye mwaka 1963 alifungua njia mpya ya futi 3 kupanda Bear Mountain. Kichwa chake cha kwanza, Dixiana, cha mwaka 1912, ni cha aina ya Shay, iliyobuniwa na mkata magogo wa Michigan, Ephraim Shay. Silinda zake husimama wima upande mmoja, zikizungusha mhimili mrefu wenye giya unaosukuma magurudumu yote. Mwendo ni wa mtu anayekimbia polepole, ila hupanda mlima ambao vichwa vya kawaida vingeteleza. Kingine, Kahuku cha mwaka 1890, kilibeba miwa Hawaii. Daraja la magogo lililojizungusha juu ya bonde liliteketea mwaka 1976. Sasa treni hupanda kwa kwenda mbele, ikasimama, ikarudi kinyumenyume kwenye mwinuko mkali. Watoto huipenda sehemu hiyo kuliko miti.

Agosti 2020 moto wa radi uliunguza karibu Big Basin yote, pamoja na majengo yake ya zamani. Felton ilihamwa, lakini moto haukuifikia. Misekwoya mingi ya Hill imechipua tena kwenye mashina meusi. Ya Welch haikuungua. Huzungukwa kwa miguu kwa muda usiofika saa moja, na kuegesha gari kunalipiwa.