Kontra ya nyumba na muhuri wa komine: unamlinda nani?

Katika miji ya mashariki mwa Congo, nyumba nyingi za kupanga zinapatikana kwa mdomo tu. Komisionere anaonyesha nyumba, mwenye nyumba anataja bei kwa dola, mpangaji anahesabu garanti, ufunguo unatolewa. Karatasi haiko. Na kama iko, ni ukurasa wa kaye wenye sahihi mbili. Mambo yanaenda vizuri mpaka siku ya kutoka. Hapo mpangaji anasema alitoa garanti ya miezi sita, mwenye nyumba anasema ilikuwa mitatu, na hata hiyo imekwisha kwa rangi ya ukuta na vioo vilivyovunjika.

Sheria iko. Ni sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu nyumba za kupanga zisizo za biashara. Kwa nyumba ya kuishi, garanti haipaswi kupita miezi 3. Wale wanaoombwa miezi sita ao mwaka mzima wanaombwa kitu ambacho sheria haikubali, hata kama mtaa wote umezoea. Na garanti si kodi. Ni feza za mpangaji, zinakaa kwa mwenye nyumba kama dhamana ya deni ao uharibifu, na akitoka anarudishiwa.

Tofauti na nchi zingine, hapa kwetu komine haimpi mwenye nyumba leseni ya kupangisha. Mwenye parsele yake anaweza kupangisha chumba kimoja ama nyumba kumi bila kuomba ruhusa kwanza. Jicho la serikali linaingia kwa njia ya kontra. Komine, iwe Karisimbi kule Goma, Kadutu kule Bukavu, Nyakasanza kule Bunia ao Kimemi kule Butembo, inapaswa kuwa na servisi ya abita, yaani ofisi ya makao. Hapo ndipo kontra inaandikishwa na kupigwa muhuri, pande zote mbili zikiwa na vitambulisho.

Kontra nzuri inataja majina, anwani ya parsele, bei kwa mwezi, kiasi cha garanti kwa tarakimu na kwa maneno, na tarehe ya kuingia. Jambo moja linasahauliwa karibu kila mara: hali ya nyumba siku ya kwanza. Milango mingapi, vioo vingapi, choo kinafanya kazi ao hapana, mabati yanavuja wapi, deni la maji ao la umeme limebaki la nani. Bila orodha hiyo, kila ufa wa zamani unaweza kuhesabiwa juu ya yule anayetoka. Picha za simu zilizopigwa siku ya kuingia zinasaidia pia.

Sasa, kwa nini watu wanaikwepa ofisi hiyo? Mpangaji anaogopa gharama za karatasi, na zaidi anaogopa kukosa nyumba: akidai kontra, kuna mwingine nyuma yake ambaye hadai kitu. Mwenye nyumba naye anaogopa ushuru wa mapato ya nyumba, ule unaoitwa IRL. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 204, inauweka mikononi mwa jimbo, na unakusanywa na ofisi za mapato za jimbo. Kwa hiyo karatasi inayomlinda mpangaji ndiyo hiyo hiyo inayoonyesha serikali mapato ya mwenye nyumba. Wote wawili wananyamaza, kila mmoja kwa sababu yake. Lakini siku ya ugomvi, mwenye nyumba anabaki na nyumba na feza. Mpangaji anabaki na neno lake tu. Na ushuru huo, tuseme wazi, ni wa yule anayepokea mapato. Si halali kuuongeza kimya kimya juu ya mgongo wa familia inayopanga.

Duka, depo na ofisi za biashara ziko chini ya sheria zingine, zile za OHADA ambayo Congo iliingia mwaka 2012.

Ugomvi ukitokea, wengi wanakimbilia polisi. Deni la nyumba ni jambo la kiraia, si sababu ya kumlalisha mtu kasho. Mwenye nyumba pia hana haki ya kung'oa mlango, kutoa mabati ao kutupa vyombo barabarani ili mpangaji aondoke. Kama anataka nyumba yake, anatoa preavi kwa maandishi. Mpangaji akikataa, mambo yanapelekwa kwanza servisi ya abita kwa mapatano. Wakishindwa kusikilizana, ofisi inaandika hati ya kushindwa huko, na kesi inaenda tribinali ya amani, tripaix. Shefu wa kartie anaweza kupatanisha, lakini hawezi kuhukumu kwamba mtu afukuzwe.

Na wale ambao tayari wanaishi bila kontra? Wanaweza kuomba iandikwe hata leo, ikitaja tarehe ya kweli ya kuingia na garanti iliyotolewa. Mwenye nyumba akikataa, basi risiti ya kila mwezi iombwe, na malipo yapitie simu pale inapowezekana, sababu ujumbe wa simu unabakia. Jirani aliyeona garanti ikihesabiwa naye anaweza kuja kushuhudia mbele ya tribinali.