Size 8: Manzi wa Maringo aliyeanzia kwa TV, akapita Calif, akaishia madhabahuni

Kuna majina hauwezi kubonga stori ya muziki wa Eastlands bila kuyataja. Nonini yuko, Jua Cali yuko, Mejja yuko. Lakini ukiulizwa utaje manzi, wasee wengi wanakwama kidogo, halafu mmoja anasema: "Si kulikuwa na Size 8?" Kulikuwa, na bado ako. Sema tu sai ukimtafuta hutampata kwa klabu. Utampata kanisani, ameshika mike ileile.

Hii ndiyo stori yake, kutoka mwanzo.

KWA UFUPI

Jina halisi: Linet Munyali
Jina la kazi: Size 8, baadaye Size 8 Reborn
Kuzaliwa: 4 Agosti 1987
Mtaa: Maringo, Eastlands, Nairobi
Kazi: mwigizaji, mwimbaji, mtunzi, mchungaji
Lebo ya kwanza: Calif Records
Ngoma za kukumbuka: Shamba Boy, Moto, Vidonge, Mateke, Afadhali Yesu
Aliolewa na: Samuel Muraya, yaani DJ Mo

MTAA ULIOMLEA

Kama hujawahi kushuka Maringo, panda mathree yoyote ya Jogoo Road. Ni moja ya ile mitaa ya zamani ya nyumba za Kanjo, jirani na Hamza, ndani ya Makadara. Nyumba ni ndogo, watu ni wengi, na kila mtu anajua mama ya kila mtu. Mtoto wa Maringo hakui peke yake. Ukiimba bafuni, jirani wa tatu anakuambia umekosea wapi.

Hiyo ni muhimu kuelewa kwa sababu Size 8 hakutoka kwa familia ya wasanii wakubwa, na hakupelekwa shule ya muziki ng'ambo. Alitoka mahali ambapo kipaji ni cha kawaida sana. Kitu haba ni nafasi. Na nafasi yake ya kwanza haikuwa studio. Ilikuwa kamera.

KWANZA ALIKUWA MWIGIZAJI

Wengi wenu mlimjua kwa ngoma, lakini kabla ya hapo sura yake ilikuwa imeshapita kwa TV. Aliigiza kwa Mashtaka na pia Beba Beba, vipindi vya drama vya hapa nyumbani.

Rudisha akili nyuma kidogo. Miaka ya elfu mbili ndiyo wakati TV za Kenya zilianza kuamini kwamba watu wako tayari kuwacheki Wakenya wenzao. Kabla ya hapo ilikuwa soap za Mexico jioni, halafu Vitimbi na Vioja Mahakamani za KBC zikibeba taifa mgongoni. Citizen ikaleta Mother-in-Law, ikaleta Tahidi High, na ghafla kijana wa mtaa akaona uigizaji unaweza kuwa kazi. Haikuwa kazi ya ganji mingi, usijidanganye. Mwigizaji mdogo alilipwa kwa siku aliyoitwa, na asipoitwa anakaa keja. Lakini TV ilikupa kitu kimoja ambacho hela haingenunua: watu wanakujua sura.

Na uigizaji ulimpa kitu kingine ambacho kilionekana baadaye. Ukicheki video zake za zamani, hakuwa anasimama tu mbele ya gari la kukodi akipunga mikono. Alikuwa anacheza mtu. Macho yanafanya kazi, mdomo unafanya kazi, stori inaeleweka hata ukizima sauti.

CALIF: KUVUKA KUTOKA MARINGO HADI UPANDE WA ISTI

Sasa hapa ndipo Eastleigh inaingia. Ukitoka tao na mathree za 6 ama 9 ukielekea Isti, unakuta mtaa unaitwa California. Wenyewe wanauita Calif. Kwa ramani ya kura ni wadi moja ya Kamukunji, pamoja na Pumwani, Airbase, Eastleigh Kaskazini na Eastleigh Kusini. Wakati upande mmoja wa Isti ulikuwa unajulikana kwa Garissa Lodge na biashara ya nguo, upande huu wa Calif ulikuwa unatengeneza bidhaa nyingine: genge.

Calif Records ilianza mwaka wa 2000. Nyuma yake kulikuwa na prodyusa Clement Rapudo, ambaye mtaani ni Clemmo, pamoja na Paul Nunda, ambaye ni Jua Cali. Jina la lebo ni jina la mtaa, na jina la Jua Cali pia lina mtaa ndani yake. Walichofanya kilikuwa rahisi kusema na kigumu kufanya: walichukua Sheng venye inaongewa kwa base, wakaiweka juu ya biti bila kuisafisha. Wakati Ogopa Deejays walikuwa na kapuka, Calif wakasema yao ni genge, yaani muziki wa kundi, wa watu wengi. Nonini na Jua Cali wakafungua mlango, wengine wakafuata.

Lakini angalia ile orodha ya genge vizuri. Ni wanaume, wanaume, wanaume. Manzi kwa hizo ngoma alikuwa anaimbwa, anasifiwa, anatongozwa, anatukanwa. Mara chache sana ndiye alikuwa anaongea.

Clemmo ndiye aliyemwona Linet na kumpa nafasi. Ngoma iliyomtambulisha ikawa Shamba Boy. Cheki hilo jina tu. Kwa nyumba za wenye nacho, shamba boy ndiye yule kijana wa kukata nyasi na kuosha gari, mtu ambaye hakuna anayemtungia wimbo wa mapenzi. Manzi wa mtaa akamtungia. Ilikuwa ya kuchekesha, ilikuwa ya ujeuri kidogo, na ilikuwa yake.

MOTO, HALAFU VIDONGE

Baada ya hapo akaachilia ngoma kadhaa, Moto ikiwa kati ya zile zilizobamba. Lakini ile iliyomfanya awe jina la nchi nzima ni Vidonge.

Kama Kiswahili chako ni cha shule tu, kidonge ni dawa ya kumeza. Lakini ukienda Pwani, kumpa mtu vidonge vyake ni kumwambia ukweli mchungu bila kuzungusha. Wanawake wa taarabu wamecheza mchezo huo miaka na mikaka: unaimba, unacheka, na mtu fulani pale mbele anajua ni yeye anasemwa. Size 8 alichukua huo utamu wa kupashana akauleta Nairobi, akauvalisha biti ya klabu. Ilipigwa kwa mathree, ikapigwa kwa harusi, ikapigwa kwa saluni hadi wenye saluni wakachoka.

Hapo sasa alikuwa na kila kitu ambacho msanii wa Eastlands anaota: ngoma kwa redio, shoo kila wikendi, sura kwa magazeti. Na hapo ndipo akafanya kitu ambacho karibu hakuna aliyekitarajia.

2013: AKAGEUZA GARI KATIKATI YA BARABARA

Mwaka wa 2013 Size 8 alitangaza ameokoka. Hakusubiri ngoma zipoe, wala hakusubiri jina lizeeke. Aliondoka wakati bado anabamba, akatoa Mateke, wimbo wake wa kwanza wa injili. Akaongeza neno kwa jina: Size 8 Reborn.

Usione kama ilikuwa rahisi. Msanii wa Kenya hali kwa kuuza kaseti ama CD. Anakula kwa shoo, kwa matangazo, na kwa zile skiza tunes za Safaricom. Shoo za klabu zinalipa cash usiku huohuo. Ukiokoka, unaandika barua ya kujiuzulu kwa kazi inayokulipa, halafu unaenda kuomba kazi mahali ambapo hawakujui kama msanii wa injili, wanakujua kama yule wa Vidonge.

Na kulikuwa na maneno pande zote mbili. Mtaani wasee walisema ni kiki, subiri miezi sita atarudi. Kanisani pia kuna waliokunja uso: jana ulikuwa unacheza klabu, leo unataka kuongoza sifa? Na ngoma ikishatoka hairudi kwa tumbo. Vidonge iliendelea kupigwa kila mahali wakati mwenyewe ako kwa madhabahu. Hebu fikiria kuishi na sauti yako ya zamani ikikufuata kila ukipanda gari.

Mwaka huohuo akaolewa na DJ Mo, mwanzilishi wa System Unit na mmoja wa nyuso za Crossover 101, kipindi cha injili cha NTV. Kwa muziki wa injili wa vijana hawa wawili wakawa kapo ya kwanza kutajwa. Baadaye wakaruhusu kamera ndani ya nyumba kupitia kipindi chao, Dine with the Murayas. Na huko ndiko yule mwigizaji wa zamani alirudi, safari hii bila kuandikiwa maneno.

Miaka imepita zaidi ya kumi na hajarudi klabu. Linganisha na wenzake. Alishirikiana na Willy Paul kwa Tiga Wana, ngoma iliyowekwa upande wa injili. Willy Paul mwenyewe baadaye akahama, akaenda upande wa ngoma za kidunia. Barabara moja, mmoja anaingia, mwingine anatoka. Kila mtu na safari yake, lakini wale waliosema miezi sita, hesabu yao iliwakataa.

Mwaka wa 2021 akawekwa wakfu kuwa mchungaji.

PRESHA: KITU ALICHOKATAA KUFICHA

Kuna upande mwingine wa stori yake ambao mamanzi wanaosoma hii wanafaa kushika. Wana watoto wawili na DJ Mo, binti aliyezaliwa 2015 na mvulana aliyezaliwa 2019. Size 8 amebonga hadharani kuhusu venye presha ya damu ilimsumbua wakati wa ujauzito, na venye kufikisha hao watoto duniani hakukuwa mteremko.

Presha ya ujauzito si kitu cha mastaa. Ikipanda baada ya wiki ya 20 na ianze kuharibu figo au ini, hali inaweza kugeuka kuwa kifafa cha mimba, na pamoja na kuvuja damu hiyo ni moja ya sababu kubwa za akina mama kufa wakijifungua duniani. Dalili ni kama kichwa kuuma vibaya, macho kuona giza, uso na mikono kufura, na maumivu juu ya tumbo. Lakini mara nyingi mwanzoni haina dalili yoyote, ndio maana kliniki wanapima presha na mkojo kila ukienda. Ukiruka kliniki kwa sababu unajisikia fiti, hapo ndipo inakupata. Msanii mkubwa akisema "mimi pia," manzi wa Maringo anajua hajalaaniwa. Anaumwa, na kuna daktari.

WENGINE WALIOFANYA KAZI ZOTE MBILI

Size 8 hayuko peke yake kwa hii njia ya kuigiza na kuimba. Avril alikuwa na ngoma Ogopa na pia akaigiza kwa Shuga ya MTV. Patricia Kihoro alitokea Tusker Project Fame kama mwimbaji, akaishia kuwa jina la filamu. Sanaipei Tande, aliyetokea Coca-Cola Popstars na ambaye sauti yake iko kwa Kwaheri ya Jua Cali, alikuja kutisha kwa drama ya Kina.

Na kama ulikulia kwa mabanda ya video, kuna mmoja umemwona bila kumjua. Unakumbuka Drunken Master II ya Jackie Chan, ya 1994? Yule mama wa kambo mcheshi, mwenye kupenda kucheza kamari? Huyo ni Anita Mui. Kwao Hong Kong hakuwa mwigizaji wa pembeni, alikuwa malkia wa pop ya Kikantoni. Alianza kuimba kwa majukwaa ya burudani akiwa mtoto mdogo ili familia ipate chakula, akashinda shindano la waimbaji chipukizi 1982, akachukua tuzo kubwa za uigizaji kwa filamu ya Rouge. Novemba 2003, akiwa anaumwa saratani ya mlango wa kizazi, alipanda jukwaani kwa shoo zake za mwisho. Akafariki 30 Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 40.

Tofauti ni kwamba Hong Kong ilikuwa na viwanda vya filamu na muziki vilivyoshikana, staa wa moja anasukumwa hadi nyingine. Hapa kwetu hakuna aliyemsukuma Size 8 kutoka Mashtaka hadi studio ya Calif. Alijivukisha.

ALIACHA NINI?

Gengetone ilipolipuka 2018 na Ethic wa Umoja wakaachilia Lamba Lolo, watu walirudi kuulizana genge ilitoka wapi, na jina la Calif likafufuka. Kwa hiyo mahesabu, usimwache Size 8 nje. Alithibitisha kwamba manzi anaweza kusimama mbele ya biti ya Clemmo akiwa mwenye kuongea, si wa kuongelewa.

Ukitaka kumjua vizuri, fanya hivi. Anza na Shamba Boy, ucheke. Ingia Vidonge, ucheki venye anaigiza. Halafu moja kwa moja weka Mateke. Biti bado ina nguvu, sauti ni ileile ya Jogoo Road, ni mtu tu amebadilisha anayemwimbia.