Shilingi Inayokwenda Shule

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikutana Musoma ikapitisha azimio lililogusa maisha ya watoto wa Tanzania kuliko sheria nyingi zilizopita bungeni: ndani ya miaka mitatu, kila mtoto aliyefikia umri wa kuanza shule awe darasani. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka uliotangulia. Walimu hawakutosha, madarasa hayakutosha, na fedha ndiyo kabisa. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza ualimu huku wakifundisha, na wanavijiji wakafyatua matofali. Hata leo, anayetaka kumbeza mwalimu wa zamani humwita "mwalimu wa UPE", kifupi cha Kiingereza cha mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, ingawa wengi wanaobeza hivyo walifundishwa kusoma na walimu hao hao.

Wakati huo huo, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, serikali ya Suharto nchini Indonesia ilikuwa imeanza kazi inayofanana na hiyo. Kati ya 1973 na 1979 ilijenga shule za msingi zaidi ya 61,000, na wilaya zilizokuwa na watoto wengi wasiosoma zikapewa shule nyingi zaidi. Nia ilikuwa moja, hazina zilikuwa mbili. Indonesia iliuza mafuta, Tanzania iliyanunua. Bei ya pipa ilipopanda karibu mara nne kufikia mwanzoni mwa 1974, kupanda huko kulijenga madarasa Java na Sumatra, na kukakausha hazina ya Dar es Salaam.

Kilichofuata Tanzania kinajulikana. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka milioni moja na ushei hadi zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kisha Vita vya Kagera, ukame, madeni na masharti ya wakopeshaji vikafuatana, na kufikia katikati ya muongo huo wazazi walikuwa wanachangishwa tena. Vitabu vilichakaa, mishahara ya walimu ikamezwa na mfumuko wa bei, mwalimu akafungua genge au akalima ili watoto wake wale. Kufikia mwaka 2000 uandikishaji, uliokaribia asilimia 100 miaka ishirini nyuma, ulikuwa umeshuka chini ya 80.

Kwa upande wa Indonesia, hesabu ilikuja kufanywa baadaye na mchumi Mfaransa, Esther Duflo, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2001. Alilinganisha watu waliokuwa wadogo shule zilipofunguliwa na wale waliokwisha kupita umri wa shule ya msingi, wilaya kwa wilaya. Kwa kila shule moja iliyojengwa kwa watoto 1,000, watoto wa eneo hilo walisoma kwa wastani kati ya mwaka 0.12 na 0.19 zaidi, na walipokuwa watu wazima ujira wao ulizidi kwa asilimia 1.5 hadi 2.7. Tarakimu hizo ni ndogo mtu akizitazama haraka. Lakini ni za kila mtoto wa wilaya nzima, kila mwezi wa mshahara, mpaka uzeeni.

Tofauti hiyo ya bahati kati ya nchi mbili ndiyo inanifanya nisikubaliane na wanaosema kuwa UPE ilishindwa kwa sababu ilikuwa ndoto ya kisiasa. Indonesia nayo ilikuwa na ndoto ya kisiasa. Ilichokuwa nacho zaidi ni fedha iliyodumu miaka sita mfululizo.

Swali la nani alipie shule ni la zamani zaidi ya uhuru. Katika Afrika Mashariki ya wakoloni, shule za Waafrika zilikuwa mikononi mwa misheni kwa sehemu kubwa, na serikali iliingia kwa kusuasua. Mwaka 1924 ilikuja tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones na ikiwa na Mghana James Aggrey miongoni mwa wajumbe wake. Ilipendekeza Waafrika wapewe elimu ya kilimo na ufundi wa mikono, ya aina iliyotolewa na Tuskegee, chuo cha watu weusi kusini mwa Marekani, na serikali zisaidie misheni kwa ruzuku. Mwaka uliofuata London ikaufanya mfumo huo wa ruzuku kuwa sera. Shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika zikaendeshwa kwa mafungu matatu, na hakuna aliyehitaji kuuliza fungu nono lilikwenda wapi.

Huko huko Tuskegee kulikuwa na kisa kingine ambacho tume haikuja nacho. Booker T. Washington, aliyekiongoza chuo hicho, alikuwa amemshawishi tajiri wa Chicago, Julius Rosenwald, achangie ujenzi wa shule za watoto weusi vijijini kusini mwa Marekani. Weusi wenyewe walitoa ardhi, nguvu kazi na senti zao, na serikali za majimbo zikasukumwa zitoe sehemu yao. Hadi mwaka 1932 zilisimama shule karibu 5,000. Wachumi Daniel Aaronson na Bhashkar Mazumder walipochunguza kumbukumbu miongo mingi baadaye, waliona kwamba shule hizo zilipunguza kwa kiasi kikubwa pengo la miaka ya kusoma kati ya watoto weusi na weupe wa vijijini.

Kenya nako wananchi walijitoza wenyewe. Wakikuyu waliogombana na misheni walianzisha shule zao huru, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri chini ya Mbiyu Koinange. Serikali ilikifunga mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa. Baada ya uhuru moyo ule ule ukaitwa harambee, na sekondari za harambee zikachipuka kila kona. Zilikuwa na kasoro moja kubwa ambayo wanasiasa hawakupenda kuitaja: eneo lenye kahawa na watu wenye vyeo lilijenga shule nzuri, eneo kame likajenga kibanda. Fedha ya wazazi hufuata ulipo utajiri wa wazazi, na cheti cha mtoto kinafuata hapo hapo.

Marekani hiyo hiyo ndiyo iliyotoa shaka kubwa kuhusu fedha na shule. Mwaka 1966 mwanasosholojia James Coleman aliwasilisha ripoti iliyotokana na wanafunzi wapatao 600,000, na iliyosomwa na wengi hivi: hali ya nyumbani humwamua mtoto, matumizi ya shule hayana uzito mkubwa. Kwa miongo mitatu iliyofuata mchumi Eric Hanushek na wenzake wakaendeleza hoja hiyo, kwamba bajeti imepanda na alama za mitihani hazikupanda nayo. Hoja hiyo ilizipendeza serikali nyingi, kwa sababu inampa waziri wa fedha usingizi mnono.

Ilichukua muda kupata njia nzuri ya kuipima. Tangu 1971, mahakama za majimbo kadhaa zilikuwa zikiamuru fedha za shule zigawanywe kwa usawa zaidi, na amri hizo zilifika kwa nyakati tofauti, pasipo kumuuliza mzazi wala mtoto. Wachumi Kirabo Jackson, Rucker Johnson na Claudia Persico waliwafuatilia watoto waliozaliwa kati ya 1955 na 1985 hadi utu uzima. Mwaka 2016 walichapisha walichokuta: matumizi kwa kila mwanafunzi yakiongezeka kwa asilimia 10 katika miaka yote 12 ya shule, ujira wa ukubwani hupanda kwa takriban asilimia 7, na watoto wa maskini hunufaika zaidi. Neno la kuzingatia hapo ni miaka yote 12. Coleman alikuwa amepiga picha ya siku moja.

Lakini utafiti wa Marekani una dhana moja ambayo huku kwetu haifai kuchukuliwa hivi hivi: kwamba fedha iliyotengwa ndiyo fedha iliyofika.

Mwaka 1996 watafiti nchini Uganda walikwenda katika shule 250 za msingi wakiwa na swali la kihasibu tu. Serikali kuu ilisema imetuma ruzuku kwa kila mwanafunzi; je, shule zilipokea kiasi gani? Ritva Reinikka na Jakob Svensson walikagua miaka ya 1991 hadi 1995. Kwa wastani shule zilikuwa zimepata asilimia 13. Shule nyingi hazikupata hata senti. Iliyobaki iliishia wilayani, ambako maofisa na wanasiasa waliipangia matumizi mengine. Kwenye karatasi Uganda ilikuwa inawekeza katika elimu, na mtu ambaye angelinganisha bajeti na matokeo ya mitihani angeapa kuwa fedha haina maana.

Serikali, kwa mara moja, haikuficha. Ilianza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Mwalimu mkuu aliyekuwa akiambiwa "hela haijaja" sasa aliweza kuingia ofisi ya wilaya na gazeti mkononi. Kufikia 2001 shule zilikuwa zinapokea zaidi ya asilimia 80. Zilizokuwa karibu na wauza magazeti zilifaidika zaidi ya zilizokuwa mbali, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa kijijini angelitabiri. Katikati ya mabadiliko hayo, Januari 1997, Rais Museveni alitimiza ahadi ya uchaguzi na kufuta ada. Wanafunzi wakaruka kutoka milioni 3.1 hadi 5.3 kwa mwaka mmoja.

Tanzania ilifuata mwaka 2001, kisha Kenya mwaka 2003 chini ya Rais Kibaki, kwa ruzuku ya shilingi 1,020 za Kenya kwa mwanafunzi kwa mwaka. Mpango wetu uliitwa MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, na wanafunzi wa msingi waliongezeka kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Baadaye zikaja sekondari za kata, na walimu wa kozi fupi ambao mtaani waliitwa vodafasta, kwa jina la huduma ya kununua vocha kwa haraka. Mradi wa Uwezo ulipoanza kupima watoto majumbani, ulikuta watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu wakiweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mapema 2013 yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia: karibu asilimia 60 ya watahiniwa walipata divisheni ziro. Serikali iliyafuta na kuyapanga upya. Njia hiyo ya kushughulikia homa kwa kubadili kipimajoto haijawahi kuponya mgonjwa.

Je, ruzuku ndogo ndiyo ilikuwa tatizo? Mwaka 2013 na 2014 jaribio la KiuFunza lilifanyika katika shule 350 za wilaya kumi. Kundi moja lilipewa fedha kamili, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi, zikafika shuleni bila kukatwa. Kundi jingine halikupewa ruzuku, bali walimu wa madarasa matatu ya mwanzo waliahidiwa nyongeza kwa kila mtoto atakayefaulu kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Fedha peke yake haikubadili alama. Ahadi peke yake ilileta kidogo, tena isiyo na uhakika. Vilipokwenda pamoja watoto walijifunza, na zaidi ya jumla ya viwili hivyo vikitengana. Jambo lingine lilionekana pembeni: ruzuku ilipofika, wazazi walipunguza matumizi yao wenyewe kwa shule. Mzazi maskini akiona daftari limenunuliwa, hela ya daftari huenda kwenye unga, wala hakuna wa kumlaumu.

Nitakayemlaumu ni anayesoma matokeo hayo akahitimisha kuwa ruzuku ikatwe. Vitabu kabatini havimfundishi mtoto pasipo mwalimu aliyeamua kufundisha, na mwalimu aliyeamua hukwama pasipo vitabu. Busia, magharibi mwa Kenya, vitabu vya serikali viligawiwa katika miaka ya 1990, na wastani wa alama haukusogea. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari mbele, kwa kuwa vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi wa huko.

Busia hiyo hiyo ina kisa cha kinyume. Kuanzia 1998, katika shule 75, watoto walipewa dawa ya minyoo kwa gharama isiyofika dola moja kwa mtoto kwa mwaka. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walionyesha mwaka 2004 kwamba utoro ulipungua kwa robo. Alama za mitihani hazikupanda, na wapinzani wakazishikilia hizo; mwaka 2015 takwimu zilichambuliwa upya na ugomvi ukawa mkali. Watafiti wakaendelea kuwatafuta wale wanafunzi. Mwaka 2021, miaka ishirini baada ya vidonge, waliotibiwa miaka miwili au mitatu zaidi walikuwa wakitumia fedha zaidi kwa asilimia 14, na kipato chao kwa saa kikizidi kwa asilimia 13. Mtihani ulikuwa umesema hakuna kitu. Soko la ajira likasema kipo.

Januari 2016 Tanzania ilifuta ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Katikati, mwaka 2021, mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ulitumika pia kujenga madarasa 15,000, mengi ya sekondari na mengine ya shule shikizi. Walioingia humo kidato cha kwanza Januari 2022 watakuwa na umri wa miaka thelathini hivi kufikia 2038. Duflo aliweza kufanya hesabu ya Indonesia kwa sababu idadi ya shule za kila wilaya iliandikwa, na sensa ikamuuliza kila mtu amezaliwa wapi na lini. Orodha ya madarasa 15,000 ipo, halmashauri kwa halmashauri. Kazi iliyobaki ni kuwatafuta watoto wenyewe.