Amari za Mianzi: Daraja la Anlan na Vielelezo Vyake Vidogo

Mto Min, unaoshuka kutoka milima ya kaskazini mwa jimbo la Sichuan nchini China, huifikia tambarare ya Chengdu ukiwa bado na kasi ya mlimani, na ni hapo, penye mji unaoitwa leo Dujiangyan, ndipo Li Bing, aliyekuwa mtawala wa eneo la Shu chini ya dola ya Qin, alipoanza mnamo mwaka 256 KK kuyagawa maji yake kwa tuta la mawe yaliyojazwa ndani ya matenga marefu ya mianzi. Karibu na ncha ya tuta hilo limesimama kwa karne nyingi daraja ambalo leo huitwa Anlan, jina lenye maana ya mawimbi yaliyotulia, na ambalo hadi katikati ya karne ya 20 lilibebwa na kamba za mianzi. Historia ya daraja hilo haieleweki vizuri ikisomwa kama historia ya jengo, kwa kuwa karibu kila kilichokuwa ndani yake kilibadilishwa mara nyingi. Ni historia ya kamba, na ya mikono iliyoisuka upya mwaka baada ya mwaka.

Kichina cha kale kilikuwa na neno mahususi, zuo, lililotaja kamba ya mianzi iliyotandwa juu ya mto ili watu wavukie, na neno hilo hilo lilitumika pia kuwataja watu wa mabonde ya magharibi ambao dola za tambarare zilikutana nao. Chang Qu, mwanahistoria wa karne ya 4 aliyeandika habari za Sichuan, anamhesabia Li Bing madaraja saba ya Chengdu, mojawapo likijulikana kwa jina hilo la kamba. Umbo la awali kabisa halikuwa na sakafu: kamba moja ilifungwa kwa mteremko kutoka ukingo hadi ukingo, na msafiri, akiwa ameshikilia kigae cha mti au cha mwanzi kilichopakwa mafuta ili kisiungue kwa msuguano, aliteleza juu ya maji hadi ng'ambo. Kwa kuwa mteremko hauendi pande mbili, safari ya kurudi ilihitaji kamba ya pili iliyoinamia upande mwingine.

Kilichoiwezesha kamba moja ya kutelezea kukua na kuwa daraja la kupitisha wanyama na mizigo ni ufundi wa kusuka, na hapa inafaa kutofautisha kusuka na kusokota. Kamba nyingi duniani husokotwa, yaani nyuzi huzungushwa pamoja, nazo zikivutwa kwa nguvu huelekea kujizungusha kinyume na kufunguka. Amari ya mianzi, kwa maana ya kamba nene kama ile ambayo mabaharia huifungia nanga, iliundwa kwa njia nyingine. Mwanzi ulipasuliwa kwa urefu wake, vipande vya sehemu ya ndani, vilivyo laini zaidi, vikawekwa kuwa kiini, kisha kiini hicho kikazungushiwa ala iliyosukwa kwa vipande vya sehemu ya nje, ambayo ndiyo yenye nyuzi zilizobanana zaidi na yenye silika, madini yanayoufanya uso wa mwanzi uwe mgumu na mtelezi. Amari ilipovutwa, ala ya nje ilijikaza na kukiminya kiini, hivyo kadiri mzigo ulivyoongezeka ndivyo sehemu zake zilivyozidi kushikana. Hii ni akili ya uhandisi ya hali ya juu, na inastahili kuheshimiwa hivyo ingawa waliokuwa nayo hawakuacha hesabu zilizoandikwa.

Ufundi huo haukuwa wa madaraja peke yake. Marco Polo, aliyekuwa China mwishoni mwa karne ya 13, alieleza jinsi mashua zilivyovutwa kupanda mito kwa kamba ndefu za mianzi iliyopasuliwa, na wavutaji wa Mto Yangtze waliendelea kuzitumia hadi zama za meli za injini, kwani zilipolowa hazikudhoofika kama kamba za katani. Katika visima vya chumvi vya Zigong, kusini mwa Sichuan, keekee za chuma zilining'inizwa kwa kamba za mianzi na kudondoshwa tena na tena juu ya mwamba, hadi kisima cha Shenhai kilipopita kina cha mita 1,000 mwaka 1835. Fundi wa daraja, mvuta mashua na mchimba chumvi waliishi basi kwa bidhaa moja, na daraja lisingeweza kudumu mahali ambapo soko la kamba halikuwa limewalea wasukaji wa kutosha.

Anlan, kama lilivyoelezwa na wasafiri na wahandisi kabla ya mabadiliko ya karne iliyopita, lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 300, likipita juu ya nguzo zilizoligawa katika sehemu nane, na nafasi pana kuliko zote kati ya nguzo mbili ilikaribia mita 61. Amari 10, kila moja ikiwa na kipenyo cha takriban sentimita 16.5, zilibeba mbao za sakafu zilizolazwa juu yake moja kwa moja, huku amari nyingine zikipangwa pande zote mbili kuwa kuta za kushikilia. Katika nyumba zilizojengwa kwenye miisho ya daraja yalifungwa maduara, yaani magogo yaliyosimamishwa na kuzungushwa kwa mipini, ambayo kwayo amari zilizolegea zilikazwa. Mianzi huoza na kuliwa na wadudu. Kwa hiyo kamba zilibadilishwa kila mwaka, na kazi hiyo haikuwa dalili ya udhaifu wa ujenzi bali sehemu yake, sawa na kuezeka upya nyumba ya makuti.

Mwandishi Fan Chengda, aliyepita hapo mwaka 1177 akiondoka Chengdu baada ya kumaliza utumishi wake wa serikali, alilikuta daraja lenye sehemu tano na kamba 12 zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Aliandika kwamba upepo mkali uliliinua na kulipeperusha mithili ya nyavu za wavuvi zilizoanikwa au vitambaa vya mtia rangi vinavyokauka, na kwamba aliyevuka alipaswa kutembea haraka bila kusita, kwa sababu aliyekwenda polepole alitikiswa asiweze kusimama. Maelezo hayo yana thamani kubwa, kwani yanaonyesha kwamba kuyumba kulikubaliwa kama tabia ya daraja lenyewe na msafiri ndiye aliyefundishwa mwendo.

Tayari karibu miaka 200 kabla yake, mwaka 990, daraja lilikuwa limejengwa upya chini ya dola ya Song. Liliangamia katika vita vilivyoimaliza dola ya Ming katika karne ya 17, na watu wakarudi kuvuka kwa mashua, hadi mwaka 1803 mwalimu mmoja wa hapo, He Xiande, pamoja na mkewe, walipoongoza ujenzi mpya, na ndiyo maana wenyeji waliliita pia daraja la mume na mke. Mafuriko ya mwaka 1964 yaliliharibu, na katika ukarabati uliofuata amari za mianzi zikaondolewa na nyaya za chuma kuwekwa mahali pake. Mwaka 1974, kwa ajili ya ujenzi wa lango la maji, daraja zima lilisogezwa takriban mita 100 kuelekea chini ya mto na kupewa nguzo za zege. Mgeni wa leo anavuka juu ya umbo la kale, lakini kamba iliyolizaa umbo hilo haipo tena, na hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha.

Katika Anlan njia hufuata mbonyeo wa kamba, hivyo mpitaji hushuka hadi katikati kisha hupanda, na hali ni hiyo hiyo katika daraja la minyororo 13 la Luding, lililokamilika mwaka 1706 juu ya Mto Dadu. Hatua ya kuitenga sakafu na kamba ilichukuliwa kwa uwazi huko Pennsylvania nchini Marekani mwaka 1801, James Finley alipoitundika sakafu iliyonyooka kwenye minyororo kwa vining'inizo, vifupi katikati na virefu karibu na minara, ili gari la farasi lipite bila kupanda wala kushuka. Magurudumu ndiyo yaliyolidai badiliko hilo.

Magurudumu hayo hayo yamelirudisha daraja la mianzi katika kipimo kidogo. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, iliyoanza mwaka 1946 kama kiwanda cha mbao, ilitoa mwaka 1981 kielelezo cha pikapu ya Toyota kwa kipimo cha 1:10, kikiendeshwa kwa rimoti, chenye fremu ya chuma, springi za majani na giaboksi ya hatua tatu, na kwa magari ya namna hiyo ikakua burudani ya kuyapitisha kwenye njia za mawe, matope na vijito vilivyopunguzwa kwa kipimo kile kile. Njia ya namna hiyo huhitaji madaraja, na mwanzi ni malighafi rahisi: minara hutengenezwa kwa vipande vinene, sakafu kwa vijiti vya mishikaki vilivyofungwa kimoja kimoja, na kamba husukwa kwa uzi.

Ugumu hutoka mahali pasipotarajiwa. Galileo alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1638 kwamba vitu vya umbo moja havina nguvu sawa vikitofautiana ukubwa, kwa kuwa uzito hufuata ujazo ilhali nguvu ya kamba hufuata eneo la mkato wake. Kwa kipimo cha 1:10, nafasi ya mita 61 huwa mita 6.1, amari ya sentimita 16.5 huwa ya milimita 16.5, lakini lori la tani 2 huwa la kilo 2 tu: mzigo umepungua mara 1,000 na mkato wa kamba mara 100. Daraja dogo lililonakiliwa kwa uaminifu huwa basi na nguvu iliyozidi mara kumi kwa uwiano, na lori hulivuka bila kamba kushtuka wala sakafu kubonyea, likikosa kabisa kile alichokiona Fan Chengda. Mjenzi anayekutaka kuyumba kule hulazimika kukiuka kipimo, yaani kuisuka kamba iwe nyembamba mara kadhaa kuliko hesabu inavyoagiza, kuilegeza minarani, na kuacha mafundo ya sakafu yacheze. Na kwa kuwa mwanzi uliokaa nje kwenye unyevu huoza ukiwa mdogo kama uozavyo ukiwa mkubwa, baada ya misimu michache ya mvua mjenzi huifungua kazi yake yote na kuanza kupasua mianzi mingine.