Ukuaji wa mji wa Goma

Ukuaji wa mji wa Goma ni ongezeko la watu, makazi na biashara katika makao makuu ya Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mji uko kwenye ufuo wa kaskazini wa Ziwa Kivu, ukipakana na Gisenyi, Rwanda.

Utawala. Mwaka 1988 mkoa wa Kivu uligawanywa na Goma ikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini. Mji una komini mbili: Goma na Karisimbi.

Vita. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache, na kipindupindu kikaua maelfu. Baadaye wakulima wa maeneo ya Masisi na Rutshuru walikimbilia mjini kwa sababu ya vita, wengi wakabaki. Leo wakazi wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja. Waasi wa M23 waliuteka mji mwishoni mwa Januari 2025.

Volkano. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikifunika sehemu ya njia ya ndege. Mlima ulilipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Wakazi walijenga upya juu ya lava iliyopoa: nyumba za mbao, kuta za mawe meusi yaliyopasuliwa kwa nyundo.

Uchukuzi. Chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, hubeba makaa, viazi na mbao za ujenzi.