Fahali wa Mithras

Mungu Mithras amempigia fahali goti mgongoni. Kwa mkono wa kushoto amemkamata puani na kumwinua kichwa. Kwa wa kulia anamzamishia kisu karibu na bega. Wala hamtazami: uso ameugeuzia pembeni. Mbwa na nyoka wanairukia damu, nge amembana fahali korodani, kunguru ametua karibu. Ncha ya mkia imechipua suke la ngano. Kando wamesimama vijana wawili, Cautes ameinua mwenge wake, Cautopates ameuinamisha wake.

Mchongo huu ulirudiwa mara mamia katika dola ya Kirumi, hasa karne ya 2 na ya 3. Huko Dura-Europos, Syria, kando ya mto Frati, wapiga mishale wa Palmyra waliuweka mwaka 168. London, mwingine uliibuliwa eneo la Walbrook mwaka 1889, bamba la marumaru lenye duara la buruji 12. Aliyeliweka ameliandika jina lake: Ulpius Silvanus, mstaafu wa Legioni ya Pili Augusta, aliyekuja kutimiza nadhiri.

Wafuasi wa Mithras, wanajeshi, watumwa na maofisa wa forodha miongoni mwao, hawakutuachia kitabu kitakatifu. Ndiyo maana mawe haya yana uzito mkubwa. Mbelgiji Franz Cumont, aliyeyaorodhesha mwishoni mwa karne ya 19, aliamini imani yote ilihamia Roma kutoka Uajemi. Jina la mungu huyu kweli ni la huko, lakini maandiko ya kale ya Uajemi hayamwonyeshi Mithra wao akichinja fahali. Baadaye wengine waliona katika mchongo huo ramani ya nyota: fahali, mbwa, nyoka, nge na kunguru wote wamo angani. Hoja hiyo ina nguvu, ila peke yake hainitoshi.

Haitoshi kwa sababu ya jiwe la Heddernheim, karibu na Frankfurt, lililopatikana mwaka 1826. Limechongwa pande zote mbili, na liliweza kugeuzwa. Mbele fahali anachinjwa. Nyuma amekwisha kufa, na Mithras na mungu Jua wamesimama nyuma ya mzoga, kishada cha zabibu kati yao. Ni karamu. Na mahekalu yenyewe, vyumba vyembamba vyenye giza kama la pango, yana mabenchi marefu kulia na kushoto ambako waumini walijilaza kula. Huko Tienen, Ubelgiji, wachimbuaji walikuta mashimo yaliyojaa mifupa ya kuku.