Afya ya Nani? Historia Fupi ya Afya Kazini katika Shule za Adumi

Mtu anayetaka kuandaa mpango wa afya kwa wafanyakazi wa shule za Adumi, huko Arua karibu na mpaka wa Kongo, atakutana kwanza na swali la lugha: mfanyakazi wa shule ni nani? Katika makala haya tutalifuata swali hilo kihistoria, kwani kila lilipojibiwa kuna watu walioachwa nje.

Tuanze na mwaka 1966. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo, mjini Paris, lilipitishwa Pendekezo la UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya walimu. (Siku ya Walimu Duniani imetokana na tarehe hiyo.) Pendekezo lilitaka walimu wapimwe afya kila baada ya muda, bila malipo. Ni jambo jema. Lakini fasili yake ya mwalimu inawahusu wale tu wenye jukumu la kuwaelimisha wanafunzi. Mpishi, mlinzi wa usiku na matroni wa bweni hawamo.

Huko West Nile hata haki hiyo ndogo haikupata nafasi. Baada ya Idi Amin kuangushwa mwezi Aprili 1979, vita viliingia Koboko na Arua Oktoba 1980, na wakazi wengi wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua, waliuawa na wanajeshi wa serikali. Waliorudi baadaye walianza kwa kuezeka mapaa. Nani angemwuliza mwalimu kama analala usingizi? Aliingia darasani kuwatuliza watoto ilhali yeye mwenyewe hajatulizwa. Mwaka 1997 elimu ya msingi kwa wote ilipoanza, madarasa yakafurika, na mzigo ukawa wake tena.

Kwetu sisi mwaka muhimu zaidi ni 2006. Wizara ya Elimu na Michezo ilitoa sera ya UKIMWI mahali pa kazi, na mwaka huohuo ikapatikana Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Sheria hiyo inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, bila kuuliza kama mtu anashika chaki au mwiko. Lakini mwajiri ni nani? Mwalimu wa shule ya serikali analipwa na serikali, ilhali mpishi mara nyingi analipwa kwa michango ya wazazi. Tofauti hiyo ilionekana waziwazi shule zilipofungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Mishahara ya serikali iliendelea. Wa michango na ada wakabaki mikono mitupu.

Jirani zetu Watanzania walitunga sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya mwaka 1999, wakaanza na watumishi wa serikali, walimu wakiwemo. Uganda mswada wa bima ulipita bungeni mwaka 2021, lakini haukuwa sheria.

Na sisi walimu wa lugha tuna letu la kusema. Kiswahili kina afya na siha, zote zenye asili ya Kiarabu, na kina uzima. Anayeuliza "u mzima?" haulizi habari za homa peke yake. Tungependa neno hilo la tatu liingie katika mipango, maana mipango mingi imekuwa ya ugonjwa mmoja mmoja.

Kwa hiyo mwenye kupanga Adumi asianzie kwenye orodha ya mishahara. Aanzie jikoni, penye moshi wa kuni tangu alfajiri, apitie kwa mlinzi anayekesha na mbu (chandarua hugawiwa kwa kaya, si kwa kibanda cha lango), ndipo aingie chumba cha walimu. Majina ya wote hao yaandikwe katika karatasi moja, kabla ya kwenda kuomba siku ya kupimwa katika kituo cha afya cha Adumi.